Spana za zamani: mali inayouzwa kwa bei ya chuma chakavu

WAFANYABIASHARA wanaonunua vifaa vya gereji vilivyotumika wanaendelea kupoteza fedha kwa sababu moja rahisi: hawajui wanachokinunua, na wanapokiuza hawajui wanachokiuza.

Kapu la spana kuukuu kutoka gereji iliyofungwa, au kutoka karakana ya shamba la mkonge, hupandishwa kwenye mizani, likapimwa kwa kilo na kuishia kwenye tanuru. Ndani ya kapu hilo huwamo vipande ambavyo mtu anayefufua Landrover ya mwaka 1955 angevinunua kimoja kimoja, tena kwa kuvitafuta.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mnunuzi amechukua kapu la kilo 30 kwa bei ya chakavu. Kama spana moja ina wastani wa gramu 200, kapu lina vipande 150 hivi. Hata kama vipande 140 havina thamani yoyote zaidi ya chuma chake, vile 10 vilivyobaki, kila kimoja kikiuzwa kwa bei ya kilo tatu tu za chakavu, vinarudisha fedha yote ya kapu. Kilo 28 zinazobaki ni faida.

Tatizo ni kuvijua hivyo 10. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana spana ya zamani haijielezi. Ina namba isiyolingana na nati yoyote ya gari la leo, au ina maneno yaliyoliwa na kutu, au haina chochote. Fundi kijana aliyezoea Toyota anaitupa pembeni akisema ni mbovu. Siyo mbovu. Imetengenezwa kwa nati nyingine.

NAMBA INAYODANGANYA

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba namba iliyogongwa kwenye spana haina maana moja. Kwenye spana za milimita, na za inchi za kisasa zenye herufi AF, namba hueleza upana wa mdomo, yaani umbali kati ya bapa mbili za nati. Spana ya 17 ina mdomo wa milimita 17. Hilo kila fundi analijua.

Spana za Kiingereza za zamani hazikufuata utaratibu huo. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vya nyuzi za bolti ambavyo viwanda vya Uingereza vilikuja kuvifuata kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika utaratibu wake, namba kwenye spana hutaja unene wa bolti wala si upana wa nati. Spana iliyoandikwa 1/2 W ni ya bolti yenye kipenyo cha nusu inchi, lakini mdomo wake una inchi 0.920, karibu milimita 23.4.

Sasa linganisha. Spana ya 1/2 AF ina mdomo wa milimita 12.7. Spana ya zamani ya Kimarekani iliyoandikwa 1/2 kwa utaratibu wa bolti wa huko ina mdomo wa inchi 7/8, karibu milimita 22.2. Vipande vitatu, vyote vimegongwa nusu inchi, na hakuna kimoja kinachoweza kufanya kazi ya mwenzake. Mwenye kuvipanga mezani kwa kufuata namba peke yake atamuuzia mteja kitu kisichomfaa, na mteja huyo hatarudi.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mnunuzi wa spana ni venia, ile kalipa ya kupimia. Mdomo upimwe kwanza, namba isomwe baadaye. Ukipata milimita 13.3 ni 1/4 W. Ukipata 15.2 ni 5/16 W, na 20.8 ni 7/16 W. Ile ya 3/8 W ina milimita 18 kamili kwa macho ya kawaida, ndiyo maana mafundi wengi wamekuwa wakiazima spana ya 18 kwenye nati hizo bila matatizo. Mdomo uliopanuka kwa uzee huongeza sehemu ya milimita, hivyo ni vizuri kupima karibu na shina la mdomo, mahali ambapo nati haifiki.

Kuna la kuongeza hapo. Mwaka 1908 Waingereza walileta nyuzi nyembamba zaidi kwa ajili ya mitambo inayotikisika, zikaitwa BSF. Nati ya BSF huwa ndogo kwa hatua moja kuliko ya Whitworth ya unene uleule, kwa hiyo spana moja hutumika kwa zote mbili na hugongwa maandishi mawili: 1/4 W upande mmoja wa maneno, na 5/16 BS au BSF kando yake. Mnunuzi akiona maandishi mawili kwenye mdomo mmoja asidhani kiwanda kilikosea. Ni alama ya uhakika kabisa kwamba spana hiyo ni ya gari, pikipiki au trekta la Kiingereza.

Zile ndogo sana zenye herufi BA, ambazo watu huziona kama vifaa vya kuchezea, zilikuwa za nati za umeme na kabureta. Hapa namba inakwenda kinyume: 0 BA ndiyo kubwa, yenye bolti ya milimita 6, na kadiri namba inavyopanda ndivyo nati inavyopungua. Seti kamili ya BA katika mfuko wake ni nadra, kwa kuwa vipande hivyo ndivyo vya kwanza kupotea.

Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana juu ya nyuzi za pamoja, zikaitwa Unified, na taratibu magari ya Kiingereza yakahamia kwenye spana za AF. Lakini viwanda havikubadili vyote kwa siku moja. Landrover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka huohuo wa 1948, ilianza na nati za BSF na BA, na zile zilizofuata zikachanganya za zamani na za Unified katika gari moja. Fundi anayefungua giaboksi ya Landrover 109 kwa seti moja ya spana anajua jinsi anavyoweza kukwama katikati ya kazi.

Kichekesho kikubwa zaidi kiko kwa Morris. Kampuni hiyo ilinunua mwaka 1923 kiwanda cha Hotchkiss mjini Coventry, ambacho mitambo yake ilikuwa ya Kifaransa na ilichonga nyuzi za milimita. Wamiliki wa magari, hata hivyo, walikuwa na spana za Whitworth. Kiwanda kikaamua kutengeneza bolti zenye nyuzi za milimita na vichwa vya Whitworth. Injini za ukoo huo zilifungwa hivyo kwa miaka mingi, zikiwamo zile za magari madogo ya MG ya aina ya T. Mwenye spana za Whitworth anaweza kufungua injini nzima, kisha akaenda dukani kununua bolti ya Whitworth na kuharibu silinda.

Kwa upande wa milimita mambo ni mepesi, lakini si mepesi sana. Bolti ya M10 ya Kijerumani ya zamani ina kichwa cha 17, ya Kijapani ina 14. Bolti ya M8 ya Kijerumani ina 13, ya Kijapani 12. Mfuko wa spana wenye 10, 13, 17 na 19 ulitoka kwenye gari la Ulaya kama Volkswagen, na wenye 10, 12, 14 na 17 ulitoka Japani. Mnunuzi anayeuziwa mfuko wa vifaa kwa jina la gari fulani anaweza kukagua dai hilo kwa dakika moja bila kusoma neno lolote.

JINA, MBWA NA KONOKONO

Baada ya kipimo huja alama. Brashi laini ya waya, mafuta ya taa na usiku mmoja wa kuloweka hutosha kuonyesha maandishi mengi. Grenda isiguse. Spana iliyosuguliwa ikang'aa na kufutika maandishi imeshuka kutoka mali kuwa chuma, na hasara hiyo hairudi.

Mbwa aina ya buldogi ni alama ya King Dick wa Birmingham. Konokono ni wa Thomas Smith wa Saltley, mji huohuo. Herufi W ndani ya umbo la almasi ni ya Williams wa Marekani. Gedore ni kifupi cha ndugu Dowidat wa Remscheid, Ujerumani, walioanza mwaka 1919, na Hazet, wa mji uleule, ni matamshi ya herufi H na Z za mwasisi Hermann Zerver. Bahco ni ya Sweden, kutokana na jina la B. A. Hjort, aliyeuza spana ya kurekebisha ya Johan Petter Johansson iliyopewa hataza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hiyo ndiyo mama wa ile ambayo gereji za Tanzania huiita spana malaya, kwa kuwa haichagui nati.

Kampuni ya Plomb ya Los Angeles inafaa kutajwa peke yake. Ilishtakiwa na Plumb, kiwanda kingine cha vifaa, kwa kufanana majina, ikalazimika kuhamia jina la Proto mwaka 1948. Neno Plomb kwenye spana, basi, ni tarehe ya aina yake.

Namba ya hataza ni tarehe iliyo wazi zaidi. Hataza namba 1,000,000 ya Marekani ilitolewa mwaka 1911, namba 2,000,000 mwaka 1935, na namba 3,000,000 mwaka 1961. Kifaa chenye hataza ya Marekani ya milioni moja na laki tano hakiwezi kuwa cha kabla ya vita ya kwanza, hata muuzaji aape vipi. Kwa Uingereza, namba zilianza kufuatana bila kurudi nyuma mwaka 1916, kuanzia 100,001. Kabla ya hapo zilianza upya kila mwaka. Jina la nchi nalo husaidia. Maneno West Germany yanaweka kifaa kati ya 1949 na 1990, na Occupied Japan yanakiweka ndani ya miaka michache tu baada ya vita ya pili, kabla ya ukaliaji kwisha mwaka 1952.

Tahadhari moja kwa spana za Kimarekani za mwanzo wa karne ya 20: namba kubwa iliyogongwa katikati ya mpini, kwa mfano 725, siyo kipimo bali ni namba ya katalogi. Wapo waliokwisha kuuza spana kama hiyo kama kifaa cha milimita kwa sababu walisoma tarakimu mbili za mwisho tu.

MSHALE WA SERIKALI

Alama inayowatisha wanunuzi ni ule mshale mpana wenye mistari mitatu, mara nyingine katikati ya herufi W na D, pamoja na mwaka kama 1942 au 1943. Ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mshale ulio ndani ya herufi C ni wa Kanada, na ulio kati ya D mbili ni wa Australia. Mali iliyoondolewa jeshini na kuuzwa kihalali ilitakiwa kugongwa mshale wa pili unaogusana ncha na wa kwanza, ingawa si kila spana ilipata heshima hiyo.

Haishangazi kuzikuta Afrika Mashariki. Majeshi ya Uingereza yalipita hapa na magari yao katika vita ya pili. Kisha ukaja mradi wa karanga wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 Kongwa na baadaye Urambo na Nachingwea, ukiwa na matrekta ya ziada ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na Vickers. Mradi ulitangazwa kufa Januari 1951. Mitambo iliyochoka iliachwa na vifaa vyake vikatawanyika kwa mafundi. Spana nene ya Kimarekani isiyofanana na kitu chochote cha gari dogo, ikitokea Dodoma au Lindi, ina sababu ya kuwa huko.

Trekta la Ferguson TE20, lililotengenezwa kuanzia 1946 hadi 1956, nalo liliacha spana yake. Inatambulika kwa mistari ya inchi iliyochongwa kwenye mpini, kwa kuwa mkulima aliitumia pia kama rula ya kupimia jembe. Wengi huidhani ni kipande cha mashine ya cherehani au cha fundi seremala.

VISIVYOFANANA NA SPANA

Vinavyoleta fedha zaidi mara nyingi ni vile visivyo na mdomo kabisa. Njia ya kuvitambua ni kuangalia mahali palipolika. Chuma huliwa pale kinapogusa kazi, na hung'aa pale kinaposhikwa. Kifaa kisicholika popote huenda hakikutumika, au kilikuwa cha kushikilia tu.

Mfano mzuri ni kile kinachofanana na drili ya mkono. Mnunuzi huzungusha mpini, akaona ncha inakwenda mbele nusu mzunguko kisha inarudi nyuma, akaamua kwamba meno yamevunjika na kukitupa. Hakijavunjika. Ni kifaa cha kusagia valvu. Valvu ikisagwa kwa kuzunguka upande mmoja huchimba mistari, kwa hiyo kifaa kilitengenezwa makusudi kwenda na kurudi. Ncha yake ina meno mawili ya kuingia kwenye mfuo au matundu juu ya valvu za injini za zamani. Ndugu yake mdogo ni kijiti cha mbao chenye kikombe cha mpira, ambacho fundi alikisokota kati ya viganja kama anayepekecha moto.

Kingine ni kisu kifupi chenye kingo tatu, au kijiko kilichopinda chenye makali pembeni. Wapishi wamekichukua mara nyingi kuliko mafundi. Kilikuwa cha kukwangulia beringi za madini meupe, enzi ambapo beringi ilimiminwa kwa moto ndani ya injini na kukwanguliwa kidogo kidogo hadi ikae sawa na krenki. Kikiwa na mpini wake wa asili wa mbao bei yake ni tofauti kabisa.

Jeki ndogo yenye mikono mitatu iliyopinda kama ndoana si jeki. Ni kifaa cha kukunjia rimu zilizokatwa mahali pamoja, zilizotumika kwenye magari ya Kimarekani ya miaka ya 1920. Rimu ilivutwa ndani hadi ikapungua, tairi likatoka, kisha ikasukumwa irudi. Pampu ndogo ya chuma yenye nyuzi za plagi upande mmoja ilifungwa mahali pa plagi, injini ikiunguruma kwa silinda zilizobaki, ili kujaza tairi upepo. Spana iliyopinda kama mwezi mchanga ni ya bolti za kujificha chini ya stata au kando ya manifoldi. Spana nyembamba ndefu kama kisu cha siagi ni ya kurekebishia tapeti. Bisibisi ndogo yenye fila ndani ya mpini na jina la Lucas ni ya platini za distribyuta.

Ile yenye meno ya V mdomoni, kipande kimoja bila sehemu inayocheza, ndiyo spana ya mamba. Iliuzwa mashambani kwa kuwa hushika nati ya ukubwa wowote. Pia huharibu nati ya ukubwa wowote.

Spana za Ford zenye jina lililoandikwa kwa mwandiko wa mkono zinastahili uangalifu wa pekee. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na kila moja lilitoka na vifaa. Moja ya spana zake ilifungua plagi upande mmoja na bolti za silindahedi upande wa pili. Kwa wingi huo si adimu, na tena zimeigwa sana kwa ajili ya wanaofufua magari. Kingo kali mno, maandishi yasiyo na kina na kutu ya rangi moja mwili mzima ni dalili za kitu kipya kilichozeeshwa.

NANI ANANUNUA

Wanunuzi ni wa aina mbili, na mfanyabiashara afadhali asiwachanganye. Wa kwanza ni mtumiaji: mwenye Landrover, Austin au trekta la zamani, pamoja na watayarishaji wa magari ya mbio za Safari Classic zilizoanza mwaka 2003. Huyu anataka kipimo sahihi na mdomo usiopanuka. Alama ya konokono haimhusu. Tena ana njia nyingine, kwa kuwa spana za Whitworth bado zinatengenezwa mpya Uingereza, na bei ya spana mpya ndiyo dari ya bei atakayolipa kwa kuukuu.

Wa pili ni mkusanyaji, wengi wao wakiwa Uingereza, Marekani na Australia. Huyu hulipia jina, mwaka, mfuko wa asili na seti isiyopungua. Spana iliyopanuka haimkwazi, lakini iliyochomelewa hataki kuiona. Kumpelekea kipande kimoja kizito kunaweza kumeza faida yote kwa nauli ya ndege, kwa hiyo vidogo na vyepesi, kama vile vya BA na vya Lucas, vinasafiri vizuri zaidi kuliko spana kubwa za malori.

Mwenye kuanza na mtaji mdogo angefanya vizuri kutokununua seti za watu wengine zilizokwisha kutambuliwa, bali makapu ambayo hayajafunguliwa, akiwa na venia mfukoni na sumaku kwa ajili ya vile vya shaba. Karatasi ya mauziano ni lazima. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inayotaka mfanyabiashara awe na leseni, na spana yenye mshale wa serikali isiyo na karatasi huibua maswali hata kama ina umri wa miaka 80.

Vipande visivyotambulika baada ya kupimwa, kuloshwa na kusomwa visiuzwe kwa haraka. Vifungwe lebo yenye upana wa mdomo, urefu, uzito na mahali vilikopatikana, vipakwe mafuta na kuwekwa kando. Mahali vilikopatikana ndipo panaposahaulika kwanza, na mara nyingi ndipo penye jibu: spana iliyotoka kwenye kasha moja na bomba la grisi la Caterpillar haina haja ya kutafutiwa ukoo kwenye Morris.